Kukodi gari Dar kwa kutegemea bima ya kadi ya benki: inalipa nini na inakwama wapi

Mkuu, nalirudia swali lako ili atakayepita hapa baadaye asipotee. Shemeji yako anakuja Desemba kutoka Marekani kwa wiki tatu. Anataka RAV4 aendeshe mwenyewe hapa Dar, na mara moja apande nayo Lushoto. Kadi yake ya Visa ya huko imeandikwa kwamba ina kinga ya gari la kukodi. Kampuni ya hapa inamtaka aongeze shilingi 40,000 kwa siku za CDW, yaani ahadi ya kutomdai gari likiharibika, na wewe unauliza kama akatae ategemee kadi.

Anaweza kukataa, na kwa siku 21 hiyo ni 840,000 inayobaki mfukoni. Ila ajue kadi inabeba kitu kimoja tu, nalo ni gari alilokodi. Likigongwa, likipinduka au likiibwa, kadi inamrudishia alichotozwa na kampuni. Dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu, ukuta wa watu ulioangushwa, daladala iliyobonyezwa ubavu, matibabu ya abiria wake mwenyewe, begi lililochomolewa siti ya nyuma kwenye foleni ya Ubungo: hakuna hata kimoja hapo ambacho kadi inagusa. Wengi wakisikia "bima ya gari" wanawaza bima kubwa ya kwetu, ambayo inalipa gari lako na uliyemgonga pia. Hii ya kadi si hiyo, na hapa ndipo watu wanapoumia.

Tuanze na CDW yenyewe. Kwa asili yake si bima. Ni kampuni inakuahidi kwamba gari lake likiharibika mikononi mwako haitakudai, au itakudai hadi kiasi fulani tu, ambacho ndicho ekses. Ukikataa CDW deni lote linarudi kwako, na kadi ndiyo inakuja kulibeba deni hilo. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho wasimamizi wa madai wa kadi watakitafuta kwenye makaratasi ni deni: je, mkataba unasema aliyekodi anawajibika kwa uharibifu na wizi wa gari?

Mikataba ya kampuni ndogo nyingi hapa mjini ni ukurasa mmoja. Jina, namba ya leseni, tarehe ya kurudisha, sahihi, basi. Gari likigongwa mwenye gari anataja bei, mnavutana, unalipa ili yaishe. Ukipeleka madai kwenye kadi unaulizwa ulilipa kwa msingi gani, na huna karatasi ya kujibu. Mwambie shemeji asisaini mpaka mambo matatu yawe yameandikwa, hata kwa mkono pembeni na kugongwa muhuri: kwamba amekataa CDW, kwamba anawajibika kwa uharibifu na wizi wa gari, na hadi shilingi ngapi, na bei ya kukodi kwa siku ikiwa imetenganishwa na gharama nyingine zote. Kampuni iliyosajiliwa na yenye magari kadhaa haitasumbua kuandika hayo. Ikikataa, hiyo ni sababu tosha ya kutafuta nyingine.

Kuna hali nyingine ambayo vijitabu vya mafao ya kadi havikuiwaza vizuri. Unaambiwa gari lina bima kubwa tayari, imo kwenye bei, huwezi kuikataa, na ukipata ajali utalipa ekses tu, tuseme milioni moja na nusu. Kadi nyingi zinataka ukatae CDW kabisa, na mtu akikubali ile ya kampuni anapoteza haki. Lakini kama kinga imo ndani ya bei na hakuna namna ya kuiondoa, baadhi ya kadi hulipa ile ekses iliyobaki. Hili lisiachwe kwenye kudhani. Aandike barua pepe kwa wasimamizi wa mafao ya kadi kabla ya kusafiri, aeleze kwa maneno mepesi: nakodi gari Tanzania, bima ya kampuni imo kwenye bei na siwezi kuikataa, natakiwa kulipa ekses ya kiasi hiki ikitokea ajali, je, mtanirudishia? Jibu alihifadhi. Katika barua hiyohiyo aombe barua ya kuthibitisha kinga yenye jina lake, jina la nchi na kiwango cha juu cha malipo. Ni jambo la kawaida kuiomba, na ukiwa umesimama kaunta Jengo la Tatu la Abiria uwanja wa ndege usiku, barua hiyo inasaidia kuliko maelezo ya mdomo.

Sasa upande ambao kadi haiugusi kabisa, yaani mtu wa tatu. Kwa sheria yetu hakuna gari linaloruhusiwa barabarani bila angalau bima ndogo, ile ya mtu wa tatu. Kwa hiyo shemeji yako akigonga bodaboda, kinachomlinda ni bima ya gari lenyewe. Hapo naomba muwe wakali kuliko mahali pengine popote.

Chukueni namba ya gari kabla ya siku ya kukabidhiana na mwihakiki kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Stika siku hizi ni za kielektroniki, kwa hiyo karatasi iliyobandikwa kwenye kioo haithibitishi kitu. Angalieni kampuni ya bima, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na tarehe ya kuisha iwe baada ya siku ya kurudisha gari. Kisha ombeni nakala ya kavanoti, yaani hati ya bima ya gari, msome sehemu ya matumizi ya gari. Hapa ndipo pana shimo. Gari likiwa limekatiwa bima kwa matumizi binafsi halafu mwenye nalo akalikodisha kwa pesa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, maana bima za matumizi binafsi haziruhusu kukodisha. Macho yenyewe yanaweza kukupa dokezo: gari la biashara lina namba nyeupe, la mtu binafsi lina namba ya njano. Ukiletewa RAV4 yenye namba ya njano na mtu anakwambia "hili ni gari la kukodisha", uliza kavanoti hapohapo.

Gari la mtu binafsi lina tatizo la pili. Kinga za kadi zinataka gari liwe limekodiwa kwa kampuni ya kukodisha magari yenye leseni ya biashara hiyo. Gari la rafiki, la jirani wa Sinza, au lililopatikana kwenye tangazo la Instagram na kukabidhiwa sheli ya Mwenge halihesabiki, hata kama umelipa kwa kadi na mwenye gari akakuandikia risiti. Kwa gari la namna hiyo usiitegemee kadi, na wala usinunue "CDW" ya mtu huyo. Mtu mwenye bima ndogo tu hana mahali pa kuchota pesa za kutengeneza gari lake, kwa hiyo ahadi yake ya kutokudai haina kitu nyuma yake.

Malipo. Kodi yote ilipwe kwa kadi ileile yenye kinga, na jina la mwenye kadi liwe ndilo la mkodi mkuu kwenye mkataba. Kampuni nyingi hapa zinataka ulipe kianzio kwa M-Pesa ili gari likuwekewe, kisha salio kaunta. Kianzio hicho kinatosha kuvunja kinga kwa kadi zinazodai kodi nzima ipite kwao. Waambieni watume ombi la malipo la mtandaoni, au wakubali kuweka gari bila kianzio. Mashine ya kadi ikiwa "haina mtandao" siku ya kukabidhiana, msubiri au muende ofisini kwao. Msitoe taslimu kwa ahadi ya kurekebisha kesho. Bei iwe kwa shilingi, maana tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei na kulipana ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mashine ikimuuliza kama anataka kukatwa kwa dola achague shilingi, kwa sababu ule ubadilishaji wa mashine mara nyingi unamla. Dhamana nayo iwekwe kwenye kadi kwa kuzuiwa, si kwa kukatwa, na risiti ionyeshe tofauti hiyo.

Kadi iwe ya mkopo. Za debit mara nyingi hazina fao hili hata kama zina nembo ileile ya Visa.

Kuhusu kadi yake mahususi, asitegemee alichosikia miaka iliyopita. Mafao haya hubadilishwa na kuondolewa. Citi, kwa mfano, iliyaondoa kwenye kadi zake nyingi Septemba 2019. Apakue kijitabu cha mafao cha mwaka huu kwenye akaunti yake ya benki, asome kurasa za gari la kukodi peke yake, ni chache. Atakutana na mgawanyo wa aina mbili: kadi inayolipa ya kwanza, na kadi inayolipa baada ya bima ya gari lake la nyumbani. Kwa safari ya Tanzania tofauti hiyo inapungua nguvu, kwa sababu bima za magari binafsi za Marekani kwa kawaida zinaishia Marekani yenyewe, maeneo yake na Kanada. Hapa bima yake ya nyumbani haifiki, kwa hiyo hata kadi ya aina ya pili inabaki kuwa ya kwanza kulipa. Ila watamwomba nakala ya ukurasa wa mbele wa bima yake ya nyumbani kuthibitisha hilo. Aje nayo kwenye simu.

Nchi pia zina orodha. Kijitabu cha kawaida cha Visa za Marekani kimekuwa kikizitoa Israeli, Jamaika, Jamhuri ya Ireland na Ireland ya Kaskazini. American Express inazitoa Australia, Italia na New Zealand. Tanzania haimo kwenye orodha hizo mbili, lakini benki moja moja inaweza kuandika yake, na ndiyo maana nimesema aombe barua yenye jina la nchi.

Siku: Visa za kawaida za kule zinakubali siku 15 ndani ya nchi unayoishi na 31 nje yake. American Express ni 30. Wiki tatu zimo ndani. Lakini kama kuna uwezekano wa kuongeza mpaka katikati ya Januari, afahamu kwamba kuzidisha kikomo hakuondoi kinga ya zile siku za ziada tu. Ukodi wote unaweza kuhesabika umetoka nje ya kinga, hata ajali ikiwa ilitokea siku ya tatu.

Aina ya gari. RAV4, Harrier, IST, Noah, hizo kwa kawaida hazina shida. Hilux au pikapu yoyote yenye bodi wazi nyuma imetolewa kwenye vijitabu vingi, hata iwe dabo kebini ya kifahari. Magari ya watu zaidi ya tisa, dereva akiwemo, yametolewa, kwa hiyo Hiace na Coaster za kubebea ukoo kwenda harusini hazimo. Pikipiki hazimo. Land Cruiser ya safari iliyokatwa paa naiweka pamoja na hizo mpaka kadi iseme vinginevyo kwa maandishi.

Kisha barabara. Vijitabu vinakataa kuendesha nje ya barabara. Barabara ya vumbi ya umma inayohudumiwa si "nje ya barabara", lakini mkataba wa kampuni unaweza kuipiga marufuku, na kuvunja mkataba kunaua kinga ya kadi palepale. Kwa safari yenu, kutoka Dar kupitia Chalinze na Segera hadi Mombo ni lami, na kutoka Mombo kupanda Lushoto ni lami vilevile, nyembamba na yenye kona kali. Mkitaka kuendelea mpaka Mtae mtaingia vumbi, na mvua ikipiga ni utelezi. Iandikwe kwenye mkataba kwamba gari linaruhusiwa kufika Lushoto na Mtae, kwa majina. Wakikataa Mtae, basi gari libaki Lushoto na mpande usafiri wa wenyeji. Kuvuka mpaka kwenda Kenya ni jambo jingine kabisa: panahitaji ruhusa ya maandishi ya mwenye gari na bima ya mtu wa tatu inayotambulika upande wa pili, ile Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki ingawa si mwanachama wa COMESA.

Desemba ni vuli bado, na Jangwani inavyofurika mnajua. Gari likipitishwa kwenye maji mpaka injini ikavuta maji kupitia mfumo wa hewa, maji hayabanwi kama hewa, na ile nguvu inakunja kondorodi. Mbaya zaidi ni pale dereva anapojaribu kuwasha tena baada ya kuzima katikati ya maji. Mikataba mingi inakataza kupita kwenye mafuriko, kwa hiyo CDW na kadi zote zinaweza kukataa. Likizima majini, lisiwashwe tena. Lisukumwe au liitwe gari la kuvuta, na risiti ya kuvuta ihifadhiwe kwa sababu gharama hiyo ya kufikisha gereji iliyo karibu kadi inaitambua.

Nani anaendesha? Kwa kawaida kinga inamhusu mwenye kadi na madereva walioandikwa kwenye mkataba. Najua itakavyokuwa: shemeji amechoka na safari, wewe unaijua Dar, anakupa funguo ukamwendeshe Kigamboni. Kama jina lako na namba ya leseni yako havimo kwenye mkataba, siku hiyo gari halina kinga, na mkataba nao umevunjika. Uandikwe siku ya kwanza, hata kama wanatoza kidogo kwa dereva wa ziada. Yeye mwenyewe aje na leseni yake halisi pamoja na leseni ya kimataifa. Akichukua gari pamoja na dereva wa kampuni, mambo yanageuka: dereva ni mtu wao, gari wanaliendesha wao, na hapo hakuna sababu ya yeye kulipia CDW hata shilingi moja. Wakimtoza, aombe mstari huo ufutwe.

Kukabidhiwa gari ni kazi ya dakika ishirini, na ifanyike mchana. Kama ndege inatua usiku, achukue teksi mpaka nyumbani, gari alipokee asubuhi. Video moja isiyokatwa, kuanzia kwenye namba ya gari, kuzunguka lote, kisha paa, rimu zote nne, kioo cha mbele kwa karibu, vioo vya pembeni, taa, kisha chini mbele kwenye sampo (bakuli la oili). Ndani: dashibodi ikiwa imewashwa ionyeshe taa za onyo, kilomita na mafuta. Spea tairi, jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za onyo, mtungi wa kuzimia moto. Kila mkwaruzo uandikwe kwenye fomu ya makabidhiano na mwakilishi asaini. Angalieni pia deni la faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, mpige picha ya skrini yenye tarehe. Faini ya kosa moja ni 30,000, kadi haizilipi, na bila picha hiyo faini za mkodi aliyetangulia zinaweza kukatwa kwenye dhamana yake.

Vioo vya pembeni, vitasa na taa ndivyo vinavyoibwa hapa kuliko gari zima. Hivi aviulizie kwa jina kwenye ile barua pepe, na gari lilazwe ndani ya geti. Tairi iliyopasuka kwa kuchakaa haimo kwa yeyote.

Ikitokea ajali, utaratibu wa Dar ni huu. Gari lisisogezwe mpaka trafiki apime, isipokuwa kama linahatarisha watu. Likibidi kusogezwa, picha zitangulie, zionyeshe magari yote mawili na alama za barabarani. Aliyeumia apelekwe hospitali kwanza, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ichukuliwe kituoni. Kampuni ipigiwe simu papo hapo, halafu ujumbe wa maandishi wenye saa na mahali, kwa sababu mikataba mingi inaweka muda wa kutoa taarifa. Kituoni mpate namba ya RB (namba ya taarifa mliyoandikisha), kisha mfuatilie taarifa ya polisi, mchoro wa ajali na ripoti ya mkaguzi wa magari. Hizi hazitoki siku hiyohiyo, na shemeji yako ana tiketi ya kurudi. Ndiyo maana wewe uandikwe kwa barua kama mtu aliyemruhusu kuzifuatilia.

Mtu atakuja na neno la "tumalizane". Kwa gari lako mwenyewe ni uamuzi wako. Kwa gari la kukodi lenye kadi nyuma yake, kumalizana barabarani kunaharibu kila kitu: hakuna RB, pesa uliyompa mwenzako haitarudishwa na yeyote, na kampuni ikigundua bampa limepasuka baadaye utalipa bila ushahidi. Hata mkwaruzo wa maegesho Kariakoo uandikiwe RB.

Madai yanaanzishwa na mwenye kadi mwenyewe, kwa simu au mtandaoni, na muda ni mfupi kuliko watu wanavyofikiri. Kijitabu cha kawaida cha Visa ya Marekani kinatoa siku 45 tangu tukio kutoa taarifa, siku 90 kurudisha fomu iliyojazwa, na siku 365 kumaliza vielelezo vyote. Benki nyingine zina muda mrefu kidogo, lakini afanye kama ana siku 45. Afungue madai akiwa bado Dar, hata kama hana karatasi moja; vielelezo vitafuata.

Watakachoomba: mkataba wa mwanzo na ule uliofungwa wakati wa kurudisha gari, risiti na taarifa ya kadi inayoonyesha kodi yote imepita humo, taarifa ya polisi, picha, barua ya kampuni inayomdai ikitaja kiasi na sababu, makadirio ya matengenezo, na ankara ya mwisho iliyochanganuliwa. Hapo kwenye ankara ndipo madai mengi ya huku yanapokwama. Karatasi ya fundi wa mtaa wa Gerezani iliyoandikwa "kunyoosha na kupiga rangi, 900,000" haipiti. Itakiwe ankara yenye kila kifaa na bei yake, kazi ya bodi peke yake, rangi peke yake, na VAT peke yake kama ipo, halafu risiti ya EFD ya malipo. Vifaa vya mtumba havina tatizo mradi vimeandikwa hivyo. Mpige picha gari kabla, likiwa limefunguliwa, na likiisha. Taarifa ya polisi ikiwa kwa Kiswahili, itafsiriwe na nakala ya asili iambatanishwe.

Kampuni pia itadai siku ambazo gari lilikaa gereji bila kuingiza pesa. Kadi nyingi zinalipa hilo, lakini kwa sharti la kuona kumbukumbu za magari ya kampuni zinazothibitisha kwamba gari hilo lingekodiwa. Kampuni yenye magari matano haina mfumo huo. Waambieni wachape orodha ya magari yao yote kwa siku hizo, lipi lilikuwa kwa mteja, lipi lilikuwa tupu, wasaini na kugonga muhuri. Bila orodha hiyo sehemu hiyo itakatwa. Yanayokatwa mara nyingi ni "gari limeshuka thamani", gharama za ofisi na za kuhifadhi gari. Haya kampuni ikiyang'ang'ania, ni ya kujadiliana nayo kabla ya kulipa, na msingi wenu ni kama yameandikwa kwenye mkataba.

Jambo moja la pesa lisisahaulike. Kadi inarudisha, kwa kawaida haitangulii. Kampuni itataka kulipwa kabla shemeji hajaondoka, na marejesho yanaweza kuchukua miezi. Lazima awe na nafasi kwenye kikomo cha kadi kwa ajili ya dhamana pamoja na matengenezo. Asiye na nafasi hiyo namshauri alipie CDW bila kujutia ile 840,000. Vivyo hivyo kama gari ni pikapu, kama ukodi utapita siku 31, kama waendeshaji watakuwa ndugu wengi wasioandikwa, au kama wasimamizi wa kadi hawajajibu ile barua pepe. Lakini hata CDW akiinunua, asome isichobeba: mara nyingi tairi, vioo na chini ya gari vinabaki kwake, na ekses bado ipo.

Kwa wakuu mliouliza kinyume chake, kutoka Dar kwenda kukodi nje kwa kadi za benki za hapa: kadi nyingi tulizonazo ni za debit na za kulipia kabla, na zile za daraja la juu mara nyingi fao lake kubwa ni bima ya safari na matibabu, ambayo haihusiani na bodi ya gari. Iombeni benki hati ya mafao yenye jina la kampuni ya bima inayolipa, nchi zinazohusika, kiwango cha juu, na kama fao linahitaji kuwashwa kabla ya safari. Ofisa akijibu kwa mdomo tu, hesabuni kwamba halipo. Ulaya bima ya mtu wa tatu imo kwenye bei ya kukodi kwa lazima, kwa hiyo wasiwasi wenu ni ekses. Marekani ni kinyume: kinga ya mtu wa tatu inayokuja na gari inaweza kuwa ile ya chini kabisa ya jimbo husika, au isiwepo, na ninyi hamna bima ya gari ya kule ya kuziba pengo. Huko CDW inaweza kujadiliwa, lakini ile kinga ya ziada ya mtu wa tatu inunuliwe.